Tani Moja ya Ukaidi

1

Milembe alianza kusimama akiwa bado na hatua nne kuufikia mlango. Mtu mwingine akitaka kusimama anasimama, basi. Yeye ilimbidi apange. Aliuegemeza mwili nyuma, akalikamata bomba la chuma lililopita ukutani korido nzima, akaliacha limteleze kiganjani huku akilibana kidogo kidogo, mpaka mwendo ukamwishia shubiri moja kutoka mlangoni. Alijipongeza kimoyomoyo. Mwaka wake wa kwanza katika nyumba hii alivunja milango mitatu, na mlango wa nne, uliowekwa wa chuma ili kumkomesha, aliupinda.

Leo hakutaka kuvunja kitu. Leo zamu yake ilikuwa inakwisha, na binti yake alikuwa njiani kuja kumchukua.

Alikuwa amekaa humo miaka saba. Nyumba ya Wabebaji ilisimama kando ya reli, mwendo wa saa moja kutoka Tabora, na hapakuwa na nyumba nyingine karibu isipokuwa kibanda cha mlinzi. Waliishi kumi na wawili, kila mmoja na chumba chake, korido yake na saa zake za kutoka uani, maana ilikuwa mwiko wawili wakutane njia moja. Jirani wa kulia Milembe alimfahamu kwa kikohozi tu. Wa kushoto alikuwa mwanamume aliyeimba kwa sauti ya chini kila jioni. Mwaka wa tano akaacha kuimba, na Milembe hakupata wa kumwuliza sababu. Upweke wa namna hiyo huzoeleka kama viatu vinavyobana: unatembea navyo, lakini huachi kuvisikia.

Anayetaka kuelewa kilichompata mwanamke huyu achukue gunia la mahindi. Ndani yake, ukiacha mahindi, mna mambo mawili. La kwanza ni uzito, yaani dunia inavyolivuta gunia lije chini, na ndio unaokuvunja shingo ukijitwisha. La pili ni ubishi wa gunia lenyewe. Likiwa limetulia halitaki kuondoka, na likishaondoka halitaki kusimama. Liweke juu ya toroli lenye magurudumu mazuri, toroli lichukue uzito wote, na bado utasukuma mpaka jasho likutoke ndipo gunia likubali; likishakubali, usijitie mbele yake. Wataalamu huuita ubishi huo inesha, nao huupima kwa tungamo. Wabebaji, ambao hawakuwa na muda wa majina ya vitabuni, waliuita ukaidi.

Tangu dunia iwe dunia, uzito na ukaidi vilikwenda pamoja. Kizito kilikuwa kikaidi na chepesi kilikuwa kitiifu. Halafu wakapatikana watu wa kuvitenganisha. Wakaunda mashine ya kunyonya ukaidi kwenye kitu na kuuacha uzito wake palepale. Walianza na treni. Treni ya behewa moja, tani kumi na tatu, iliponyonywa ukaidi wa tani kumi na mbili ikawa inaondoka kituoni kama baiskeli na kusimama dereva akiigusa tu breki. Abiria walifungwa mikanda kwa sababu wao ukaidi wao hawakunyonywa. Watu wakaiita Mshale. Na tusiwe wachoyo wa sifa: Mshale uliokoa watu. Mjamzito aliyezidiwa Kaliua alifikishwa hospitali Tabora kabla chai ya waliomsindikiza haijapoa, na mtoto yupo, anasoma.

Tatizo likawa ukaidi ulionyonywa utawekwa wapi, kwa kuwa haukubali kupotea. Waliuweka kwenye mawe, ukavuja. Kwenye chuma ulikaa siku mbili. Walijaribu ng'ombe, na zizi likaondoka na ng'ombe. Mahali pekee ulipokubali kutulia miaka na miaka palikuwa ndani ya mifupa ya mtu mzima, na sheria ikaongeza kwamba mtu huyo awe ameridhia kwa sahihi yake. Tani kumi na mbili, watu kumi na wawili.

Milembe aliridhia akiwa na miaka ishirini na tisa, mjane, na mtoto wa miaka minne. Kwenye mizani alibaki kilo hamsini na nane, hazikuongezeka wala kupungua. Lakini soli zake ziliishika sakafu kwa nguvu ya kilo hamsini na nane huku zikitakiwa kusimamisha tani nzima, na hesabu hiyo haikukubali. Sakafu ikilowa, hasimami. Akijikwaa huanguka polepole, anapata muda wa kufikiri atatua wapi na atamlaumu nani. Mwezi wa kwanza aliteleza kwenye maji ya kudekia, akamsogelea mpishi aliyekuwa amembebea uji, mwendo wa kobe tu, wala hakuna aliyeona hatari. Akamkuta amesimama na ukuta nyuma yake, akamvunja mbavu nne. Mpishi yule alikuwa mtu wa kucheka sana. Baada ya siku hiyo uji ulipitishwa kwenye kidirisha.

Binti yake, Wande, aliruhusiwa kuja mara moja kwa mwaka. Waliongea kwa kupitia kioo chenye matundu. Familia ziliambiwa ni usafi wa mashine, na Milembe hakuwahi kusahihisha, kwa sababu kanuni ilikuwa moja na fupi: mbebaji akimweleza mtu wa nje habari za ukaidi, zamu yake inaanza upya. Kwa hiyo Wande alikua nyuma ya kioo, kichwa kikipanda mwaka hadi mwaka, akapita tundu la chini, la kati, na mwaka jana akawa anaongea kwenye tundu la juu bila kusimama kwa vidole. Mara moja tu, alipokuwa na miaka minane, aliuliza, "Kwa nini hata mkono hunipi?" Milembe akajibu kwamba watapeana wote, kwa pamoja, siku ya kutoka.

Aliufungua mlango taratibu. Nje, kwenye korido kubwa, Bwana Rwegoshora, msimamizi wa nyumba, alikuwa anamngoja, amesimama upande wa pili wa mstari mwekundu.

"Za asubuhi, dada Milembe. Umelala?"

"Nimelala kidogo."

"Mwenzio wa kukupokea amefika. Na binti yako yuko kwenye treni ya saa tano. Ikifika inageuza, mnapanda wote." Alikuwa mwanamume mpole, wa miaka hamsini na kitu, aliyenyoosha mashati yake mwenyewe. "Ukishapanda mizani tu, mengine niachie mimi."

2

Desturi ya kupanda mizani ilikuwa ya nyumba hii peke yake, na haikuandikwa popote. Mbebaji anayetoka hupanda mbele ya anayeingia, ili huyu wa pili ajionee kwa macho yake. Ilifanya kazi kila mara, na sababu ni rahisi: watu wa nchi hii mzigo huupima kwa kuunyanyua. Mababu waliotoka Unyamwezi na pembe vichwani mpaka pwani waliupima hivyo, na wajukuu wanaopanga magunia sokoni wanaupima hivyo hadi leo. Hakuna anayefikiria kuupima mzigo kwa kuusukuma.

Milembe mwenyewe hakufikiria. Miaka saba iliyopita alisimama kwenye chumba hicho hicho, akamwona mzee mmoja anapanda mizani, akaona sindano inatulia kwenye sitini na mbili. Alimwuliza, "Unajisikiaje, baba?" Mzee akatazama sakafu, akasema, "Mizani hiyo, mwanangu." Baada ya kupokezana, Milembe akiwa bado amelala kitandani anashangaa kwa nini mguu wake umekawia kuinuka, alimsikia mzee yule kwenye korido. Alikuwa anakimbia. Alimchukia kwa miaka miwili, halafu akamwelewa, na kumwelewa kulimuuma zaidi.

Chumba cha mizani kilikuwa na sakafu ya vigae, meza ya mbao, na kiti cha ofisi chenye magurudumu. Mwanamke aliyeinuka kutoka kwenye benchi hakuzidi miaka ishirini na tatu. Mgongoni alifunga mtoto kwa khanga. Kisogo cha mtoto kilikuwa kimelowa jasho la usingizi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Unaitwa nani?"

"Siwema. Natoka Uvinza." Alimwangalia Milembe toka unyayoni mpaka utosini, kama mtu anayekagua chumba cha kupanga. "Mbona uko kawaida tu? Kule kwetu wanasema wanaotoka humu wamekuwa kama mawe."

"Watu wana maneno," Bwana Rwegoshora alisema. "Karibu mizani, dada."

Milembe alipanda. Alipanda kwa uangalifu, mguu mmoja, kisha wa pili, na sindano ikaenda ikarudi, ikaenda ikarudi, kwa muda mrefu kuliko kawaida, halafu ikatulia. Hamsini na nane.

Siwema aliinama kuisoma mwenyewe. Uso wake ulifunguka. "Kumbe kweli," alisema. "Mimi niliogopa kuhusu huyu. Nilijua nitakuwa mzito, nikimlalia usiku itakuwaje. Nitaendelea kumbeba?"

"Mizani umeiona," Bwana Rwegoshora alijibu, akamsogezea kalamu.

Hakusema uongo. Hilo ndilo lililokuwa linamuudhi Milembe siku zote, kwamba kwa miaka saba hakuwahi kumsikia mwanamume huyu akisema uongo hata mmoja.

Alibaki juu ya mizani. Kilichotakiwa kwake kilikuwa kidogo sana, yaani kushuka na kunyamaza. Saa moja kwenye vitanda viwili, mashine ivume, halafu atainuka na mguu utainuka naye papo hapo. Atatembea uani. Wande atakuja mbio, na yeye ataweza kumfuata mbio, wakutane katikati. Alikuwa ameiota picha hiyo mpaka ikachakaa pembeni. Mtoto wa Siwema alijigeuza ndani ya khanga, akatoa mkono mmoja nje, akaukunja na kuukunjua. Miezi sita, labda saba. Karibuni atatambaa, na watoto wanaotambaa hupita miguuni mwa mama zao siku nzima. Milembe aliwaza mguu mmoja ulioshindwa kusimama kwa wakati. Aliwaza mara moja tu na hakuhitaji mara ya pili.

Alijaribu kujiambia kwamba labda watamwekea Siwema mlezi. Alijua hawataweka. Na wakimtenga mtoto na mama yake, atapelekwa kwa nani, akue nyuma ya kioo kama Wande?

"Siwema," alisema. "Mtoto mpe baba huyu amshike. Halafu uje unisukume."

"Nikusukume?"

"Dada Milembe," Bwana Rwegoshora alisema. Hakupandisha sauti. "Unaijua kanuni."

"Naijua."

"Binti yako yuko kwenye treni."

"Najua alipo binti yangu."

Mwanamume yule alifumba macho kidogo. Angeweza kuita mlinzi. Badala yake alipokea mtoto, akamkumbatia vizuri, kichwa begani, kama mtu aliyelea wengi. Milembe alikwenda kwenye kiti cha magurudumu, akajiteremsha juu yake, akainua nyayo kutoka sakafuni.

"Haya. Kiti kina magurudumu na mimi nina kilo hamsini na nane. Nisogeze mpaka ukutani."

Siwema alicheka kwa aibu, akauweka mkono mmoja begani kwake, akasukuma. Kiti hakikwenda. Akaweka mikono miwili. Kandambili zake zikateleza kwenye vigae, na aliyesogea akawa yeye mwenyewe, nyuma, huku Milembe ameketi palepale. Ukisukuma kitu nacho hukusukuma, sawasawa na wewe, na wa kuondoka ni yule asiye mkaidi. Siwema alizivua kandambili. Akaegemea kwa bega, akakaza miguu pekupeku, akahema, na baada ya kitambo kiti kikaanza kusogea kidogo, kisha zaidi.

"Umekubali," alisema, na kweli alifurahi.

"Sasa ondoka. Toka pembeni. Usije mbele yangu, unasikia?"

Siwema alitoka. Kiti kikaendelea na safari yake bila mtu kukigusa, polepole, mwendo wa mtoto anayejifunza kutembea. Kilifika kwenye meza. Meza ilisukumwa kama vile haipo, mguu wake mmoja ukakatika, ubao ukaenda kukutana na ukuta, na lipu ikapasuka kutoka kwenye swichi mpaka karibu na dari. Vumbi la chokaa likawaangukia. Mtoto aliamka akaanza kulia.

"Hapo kati ya meza na ukuta," Milembe alisema, "muweke mtu unayempenda. Hii ndiyo wanayokupa. Sio uzito. Uzito ungeuona kwenye mizani."

Siwema alimchukua mwanawe, akamfunga mgongoni, akafungua fundo akalifunga tena. Milembe alitarajia shukrani, tusijifanye hakutarajia. Alikuwa binadamu na alikuwa ametoka kutoa kila alichokuwa nacho. Hakuipata.

"Nimeacha chumba cha watu," Siwema alisema. "Vyombo nimegawa. Nimewaambia wote nimepata mahali. Sasa nakwenda wapi?"

"Sijui."

"Wewe uliambiwa?"

"Sikuambiwa."

"Ungeambiwa ungekataa?"

Milembe alilifikiria swali hilo kwa haki. Alikumbuka njaa ya mwaka ule, na sahani ya Wande. "Sijui, mdogo wangu. Nilitaka tu uulizwe."

Siwema alifuta machozi kwa kiganja, akaliokota begi lake. Mlangoni aligeuka, akamtazama Milembe kwa hasira ya mtu aliyeamshwa usingizini na bado hajui kama nyumba inaungua au la. Kisha akaenda. Hatua zake zilisikika nyepesi kwenye korido, na mtoto akanyamaza.

Bwana Rwegoshora alijipangusa chokaa mabegani. "Atasema huko nje, na watu watamwuliza mizani ilisemaje," alisema. "Na mimi mwakani nitamleta mwingine kuja kumpokea huyo jirani yako anayekohoa. Hujazuia kitu."

"Nimezuia mmoja."

"Kwa miaka yako saba mingine."

"Nimesikia. Hesabu naijua."

Bwana Rwegoshora alishika mgongo wa kiti kana kwamba anataka kumsaidia kuinuka, kisha akakumbuka na kuutoa mkono. "Nitakuachia uani bila kioo," alisema mwishowe. "Mpaka treni iondoke. Zaidi ya hapo usiniombe."

3

Uani palikuwa na changarawe, na changarawe ilikuwa rafiki yake. Ilimshika miguu kuliko vigae. Nyuma ya wavu mfupi ilionekana reli na jukwaa dogo la zege. Milembe alisimama katikati ya ua, mbali na kila kitu, mikono imelala ubavuni. Aliusikia Mshale ukija, mvumo kisha kimya cha ghafla, kwa sababu ile haikuwa treni ya kupunguza mwendo tangu maili moja nyuma. Ilikuwa inakuja, halafu imesimama.

Wande alitokea getini pamoja na Ngolo, mdogo wake Milembe aliyemlea mtoto miaka yote hiyo. Msichana alikuwa na miaka kumi na moja, mrefu, amesukwa upya. Alipoona hakuna kioo alianza kukimbia.

"Simama hapo," Milembe alisema. "Wande, simama."

Alisimama. Aliweza kusimama palepale, changarawe zikaruka mbele ya viatu vyake. Milembe alimwonea wivu mwanawe, na wivu ule ukamchoma.

"Mama, begi lako liko wapi?"

"Njoo taratibu. Njoo wewe, mimi nitulie."

"Begi liko wapi?"

Ngolo alikuwa ameshaelewa kitu usoni mwa dada yake. Aliweka mkono mdomoni, akabaki getini.

Milembe alimweleza. Sasa hakukuwa na kanuni ya kuogopa, adhabu alikuwa ameshaipata. Alisema kwa maneno mafupi, kama anavyosema mtu ambaye muda wake unahesabiwa na dereva: mifupa yake ina nini, kioo kilikuwa cha nini, kwa nini mkono hakuutoa. Akamweleza kuhusu mwanamke wa Uvinza na mtoto wa mgongoni. Alipofika kwa mtoto alidhani hapo ndipo Wande ataelewa.

"Kwa hiyo ulimwambia," Wande alisema.

"Nilimwambia."

"Na ulikuwa unajua mimi nakuja."

"Nilijua."

"Yule mtoto anaitwa nani?"

"Sikuuliza jina lake."

Wande aliinamisha kichwa. Nywele zake zilikuwa zimegawanywa kwa mstari ulionyooka sana. Ngolo alikuwa amejitahidi. Alipoinua uso hakuwa analia, na Milembe angeona afadhali angelia.

"Mimi unanijua jina," alisema.

Dereva alipiga honi. Ngolo aliita kwa sauti ya upole kwamba ikiwaacha, nyingine ni kesho. Wande aligeuka, akaenda. Hakukimbia, alikwenda kwa hatua za kawaida, na kwa kila hatua ya mwanawe Milembe aliona kwamba bado angemshika kama angeweza kuondoka sasa hivi. Aliegemea mbele. Mwili ulianza kukubali, kidogo, kwa ile desturi yake ya kujadiliana kwanza. Yeye alipofikisha hatua ya tatu, Wande alikuwa ameshavuka geti, na mbele ya geti palikuwa na abiria wawili waliokuja kunyoosha miguu, mmoja wao mzee mwenye fimbo. Milembe akajirudisha nyuma kwa nguvu zake zote, visigino vikachimba changarawe mitaro miwili. Alikomea kwenye wavu. Wavu ulitoa tumbo upande wa nje, ukamshikilia.

"Dada," Ngolo alisema. Alimshika vidole kwenye matundu ya wavu, upesi, kabla hajakatazwa. "Ni mtoto. Nitaongea naye."

"Usimlazimishe."

"Nitaongea naye taratibu." Alitazama treni, akamtazama tena. "Mimi ningenyamaza, Milembe. Nakwambia ukweli. Mungu anisamehe, ningenyamaza." Akauachia mkono na kukimbilia jukwaani.

Milembe alibaki amesimama na wavu kifuani. Alimwona Wande akiingia ndani ya behewa, akimfunga mkanda mwanamke mzee wa kiti cha jirani, akijifunga na wa kwake. Alikaa dirishani upande huu. Angeweza kukaa upande wa pili. Alitazama mbele moja kwa moja, na Milembe akamtazama shavu lile bila kupepesa, akilikusanya, kwa sababu hakujua kama mwakani kutakuwa na mtu nyuma ya kioo. Miaka saba. Kumi na moja na saba. Atakuwa mwanamke mzima, labda na yeye ameshamfunga mtu mgongoni.

Milango ilifungwa. Ndipo Wande alipogeuza uso. Alimtafuta uani, hakumkuta pale alipomwacha, akatafuta tena mpaka akamwona kwenye wavu. Macho yake yalikuwa yamejaa. Aliinua mkono, akauweka kwenye kioo cha dirisha, kisha akaupunga.

Milembe aliuamuru mkono wake wa kuume uinuke. Alisukuma kwa bega, kwa mgongo, kwa kila alichokuwa nacho, na mkono ukaanza kuondoka ubavuni. Ukafika nyonga, ukafika tumboni.

Mshale uliondoka. Haukuvuta pumzi wala kusita; tani moja ya ukaidi wake ilikuwa imesimama uani, imevaa gauni la kutokea. Palikuwa na dirisha na mtoto, halafu palikuwa na reli mbili zinazong'aa kwenye jua la saa tano. Wale abiria wawili waliochelewa walibaki jukwaani wakilaumiana.

Milembe aliacha kusukuma. Lakini mkono ulikuwa umeshakubali kwenda, na haukuwa wa kusimama ovyo. Ukapita kifua, ukapita bega, ukaendelea kupanda.